Majina ya Bankambo: Tuyaandike Kabla Hayajapotea



Juma lililopita tuliongea juu ya watoto kulala mapema siku za masomo. Leo ninawaletea jambo lililoanzia darasani kwangu, kisha likanifuata mpaka nyumbani.

Mwanzo wa mwezi huu niliwapa watoto wa mwaka wa nne kazi ya kufanya nyumbani: waandike jina la baba, jina la mama, na majina ya bankambo wanne, wawili wa upande wa baba na wawili wa upande wa mama. Niliona ni kazi nyepesi. Watoto ni 46. Waliorudi na majina yote manne walikuwa 11 tu. Wengine waliandika "Nkambo wa Kipushi" au "Mama ya papa", basi. Msichana mmoja alinikaribia mezani akasema polepole: "Mwalimu, mama amesema nisimsumbue, hata yeye hajui."

Sikumkaripia. Jioni ile nilikaa na kaye yangu, nikaanza kuandika majina ya kwetu. Upande wa baba nilifika mbali, sababu wajomba na mashangazi wa baba wanapenda kuhesabu ukoo kila wakati wa kilio na wakati wa mahari. Upande wa mama nilifika kwa nkambo aliyemzaa mama yangu, nikakwama. Mama yake nkambo aliitwa nani? Sikujua. Mama yangu pia hakujua. Alikumbuka tu kwamba wao walimwita "Mama wa Jadotville".

Na nkambo mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki kule Mwene-Ditu. Alipokuwa hai aliniambia kwa telefoni: "Njoo wakati wa vakansi, nitakuambia yote." Vakansi ya kwanza sikuwa na pesa ya safari. Ya pili nilikuwa na mtoto mchanga. Ya tatu nilikwenda kumlilia.

Wamama, ndiyo maana ninasema tuanze sasa.

Anza na wewe, kisha panda

Huhitaji mashini wala masomo makubwa. Nunua kaye moja ya kurasa 100 na biki. Ukurasa wa kwanza ni wako, unaofuata ni wa mama yako, halafu wa baba yako, halafu bankambo. Kila mtu apate ukurasa wake. Andika majina yake yote, fasi alipozaliwa, mwaka kama unajulikana, kijiji na teritwari ya asili, ukoo, aliyemuoa au aliyeolewa naye, watoto wote aliowazaa, wazima na waliokufa, na fasi alipozikwa. Pembeni andika ni nani aliyekuambia na siku gani. Kama mjomba anasema hivi na shangazi anasema vile, andika yote mawili. Usichague mshindi mapema.

Angalieni sana majina ya wanawake. Katika karatasi nyingi za zamani mwanaume ameandikwa kwa majina yake yote, na mwanamke ni "bibi ya fulani" tu. Ndivyo mama wa ukoo anavyopotea. Na kwa makabila mengine yeye ndiye mlango wenyewe: kwa Wabemba, Walamba na Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa Waluba mtoto hufuata baba. Kwa hiyo ukiuliza swali la ukoo, uliza kwanza kwenu mnahesabu kwa upande gani.

Miaka ambayo inachanganya watu

Hapa kwetu vitu viwili vinafanya watu wapotee katika karatasi.

Cha kwanza ni majina ya miji. Mwaka wa 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie. Luluabourg ni Kananga ya leo, na Stanleyville ni Kisangani. Ukiona karte ya zamani ya nkambo imeandikwa "Jadotville", usitafute mbali, ni Likasi.

Cha pili ni majina ya watu. Mwaka wa 1972, wakati wa "authenticité", watu waliacha majina ya Kizungu wakachukua ya bankambo. Mtu aliyebatizwa Joseph katika daftari la parokia anaweza kuwa na jina lingine kabisa katika karte ya Zaïre. Wengine wakarudilia jina la ubatizo baadaye. Andikeni yote, la mbele ya 1972 na la nyuma yake, la sivyo mtafikiri ni watu wawili.

Kama mzee hajui mwaka aliozaliwa, usimlazimishe. Muulize kwa matukio. Siku ya uhuru, tarehe 30 juni 1960, ulikuwa unachota maji au ulikuwa bado unabebwa? Wakati wa vita ya Kolwezi, mwaka wa 1978, ulikuwa na mtoto gani mgongoni? Mzee Kabila alipoingia mwaka wa 1997, nani alikuwa amekwisha kuoa? Mama anaweza kusahau tarehe, lakini hasahau mtoto aliyekuwa mgongoni.

Majina pia yanaongea. Ukikuta Mbuyi na Kabanga kwa watu wa Kasai, au Kyungu na Kabange kwa Waluba wa Katanga, uliza mapacha walikuwa wa nani. Mujinga ni mtoto aliyezaliwa kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni.

Karatasi ziko wapi

Tazameni kwanza ndani ya nyumba: valizi ya chini ya kitanda, Biblia ya mzee, picha ambazo nyuma yake kuna maandishi. Kama nkambo alifanya kazi Union Minière au Gécamines, au kwa gari-moshi, ulizeni karatasi zake za kazi, maana huko mara nyingi majina ya bibi na watoto yaliandikwa. Halafu parokia. Daftari la ubatizo linaandika mtoto, baba, mama, msimamizi na tarehe, na pembeni wanaongeza ndoa. Nenda kwa adabu, siku ambayo si ya misa kubwa, ukiwa na jina na mwaka wa kukadiria. Sekretere hawezi kufungua daftari 20 sababu yako.

Wanawake na wazee wa zamani hawakuwa na daftari, lakini walikuwa na namna yao. Kwa Waluba kulikuwa lukasa, ubao mdogo unaoenea mkononi, umetiwa shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye waliupitisha vidole, wakahadithia wafalme, koo na safari za watu wao. Kaye yako ndiyo lukasa ya nyumba yako.

Namna ya kuuliza

Hapa ndipo mimi nilikosea, na ninawaambia ili msirudilie kosa langu.

Baada ya kilio cha nkambo aliyebaki kujua mambo ni mama mkubwa, dada ya kwanza ya mama yangu. Nilimwendea na kaye, na biki, na telefoni ya kurekodi. Niliuliza kama mwalimu anayeita majina darasani. Alijibu vizuri mpaka nilipofika mwaka wa 1992. Nikauliza: "Mama mkubwa, karatasi za nkambo zilipotelea wapi?" Akasema: "Kwa gare." Akainuka, akaenda kupeleka maji kwa kuku ambao tayari walikuwa na maji.

Wengi wenu mnajua mambo ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala siku nyingi kwa gare wakingoja gari-moshi. Mama yangu alibaki sababu ameolewa na mtu wa huku. Nkambo na mama mkubwa walikwenda.

Sikurudia swali. Nilizima telefoni, nikaficha kaye. Nilikuwa ninakwenda kwake jumamosi kumsaidia kutwanga sombe, bila kuuliza kitu. Jumamosi ya nne, mikono ikiwa ndani ya kinu, akaanza mwenyewe. Valizi ya karatasi iliachwa sababu mikono haikutosha. Mkono mmoja ulimshika nkambo, mwingine ulishika mtoto. Sisi wote tulijua mama mkubwa alizaa watoto watano. Alizaa sita. Wa kwanza alikuwa na miezi saba, akaugua kwa gare, akafa njiani, akazikwa karibu na reli, na gari-moshi likaendelea. Tangu siku ile hakuna aliyetaja jina lake, maana kila mmoja alifikiri anamlinda mwenzake.

Nilimuuliza jambo moja tu: "Mama mkubwa, unataka tumwandike?" Akanyamaza kwanza. Halafu akasema: "Mwandike wa kwanza, sababu ni wa kwanza."

Jina lake sitaliweka hapa. Liko katika kaye yetu, ukurasa wa mama mkubwa, juu ya yale mengine matano. Watoto wake wamelijua sasa, na aliwaambia yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, wamama: muombe ruhusa kabla ya kurekodi. Mzee akinyamaza, mwache, rudi na kazi ya mikono. Na ukisikia siri, mtoto wa nje, ndoa iliyovunjika, deni la mahari, si yako kuitangaza kwa likelemba. Muulize mwenye siri kama iandikwe, na nani aisome.

Siku ile ile mama mkubwa alikumbuka kitu kingine: nkambo alibatizwa akiwa mdogo, Jadotville. Nilikwenda Likasi mara mbili. Mara ya pili sekretere alipata mstari wake. Jina la mtoto, jina la baba, na hapo, kwa wino uliopauka, jina la mama: Mujinga. Basi "Mama wa Jadotville" alikuwa na jina, na hata namna alivyozaliwa tumeijua.

Faida ni nini?

Mtu atasema: majina hayapiki bukari. Ni kweli. Lakini nimeona vijana wawili wamekwisha kupendana, na siku ya mahari ndipo wazee wanagundua kwamba ni ndugu. Nimeona mjane anasumbuliwa juu ya nyumba, na watoto hawana karatasi yoyote inayoonyesha baba ni nani. Katika sheria ya familia, watoto ndio warithi wa kwanza, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Kwa hiyo kazi ya ukoo inaanza na mtoto aliye mgongoni mwako leo: mwandikishe kwa état civil kabla ya siku 90 kupita, na jina lako mama liandikwe kamili.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mama aje kwenye mkutano na majina mawili: mama wa mama yake, na mama wa huyo. Asiyejua, aende kumuuliza mkubwa wa familia, na asiende mikono mitupu, apeleke hata sukari kidogo. Kama mkubwa wenu yuko mbali, pigeni simu jioni hii. Msingoje vakansi.

Mbaki na amani. Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu