Orodha Si Hukumu

Msomaji, huenda umewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo, ukalitafuta jina lako katika orodha ya waliochaguliwa, na usilione. Ikiwa jambo hilo halijakupata, subiri. Maisha ni marefu na orodha ni nyingi. Nataka kusema nawe juu ya orodha hizo, na nitasema kwa ukali kidogo, maana naona watu wamezipa heshima zisizostahili. Orodha ni chombo cha kazi, kama rula na mizani. Si kadhi wala si hakimu. Mtu aifanyaye kuwa hukumu huwadhulumu wenzake, na mtu akubaliye kwamba imemhukumu huidhulumu nafsi yake.

Ili neno langu lisiwe tupu, nitakuchukua mpaka Marekani, kwenye mchezo ambao wachache miongoni mwetu huucheza. Ni mpira wa Kimarekani. Huo si kandanda yetu. Ni jamaa ya raga. Mpira wake una umbo la yai, wachezaji huvaa kofia ngumu, na timu hupigania kuusogeza mpira mbele yadi kwa yadi. Nimeuchagua mchezo huo kwa sababu watu wake huitengeneza orodha ya wateule kwa jitihada na gharama kubwa mno. Ikiwa orodha yao hukosea, basi ya nani haikosei?

Kila mwaka tangu 1936, timu za ligi ya kulipwa hukutana na kuteua vijana, aghalabu wale wanaotoka katika vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho, ili wenye nguvu wasijikusanyie vipaji vyote. Kusudi hilo ni jema, nami silipingi. Leo timu ni 32, na uteuzi hupita mizunguko 7. Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa kimo, uzito, upana wa kiganja na mbio za yadi 40. Madaktari huwakagua, na wachunguzi huzitazama mechi zao za nyuma. Mizunguko ikiisha, kijana ambaye jina lake halikutajwa huitwa asiyeteuliwa. Huyo yu huru kufanya mkataba na timu yoyote impendayo. Lakini mkataba wake humfungulia mlango wa kambi tu. Kambini huweza kuwamo watu 90, na msimu ukianza timu hubakiwa na 53. Wengine huambiwa wakusanye vitu vyao waende zao.

Sasa msikilize mtu mmoja aliyepita njia hiyo. Jina lake Willie Wood, mzaliwa wa mji wa Washington, mtu mweusi, kimo chake futi 5 na inchi 10. Katika chuo kikuu kimoja cha California alikuwa kiongozi wa mashambulizi, yaani yule arushaye mpira na kuiamuru timu yake. Katika uteuzi wa mwaka 1960 timu 12 ziliteua vijana 240. Wood hakuwamo. Wako watakaosema kwamba alikuwa amepata kuumia bega, na kwamba kimo chake kilikuwa kidogo. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba siku zile timu za kulipwa zilisita mno kumkabidhi mtu mweusi uongozi wa mashambulizi. Na timu ya mji wake wa kuzaliwa haikumpeleka mchezaji mweusi hata mmoja uwanjani mpaka mwaka 1962. Orodha ile, basi, haikupima miguu na mikono peke yake. Ilipima na ngozi, ingawa hapakuwa na safu ya ngozi katika karatasi.

Wood alifanya nini? Hakukaa kuilaani karatasi, wala hakuibusu. Aliandika barua, akaomba ajaribiwe. Vince Lombardi, kocha wa timu ya Green Bay, akampa nafasi. Alipofika akakubali kuacha kazi aliyoizoea na kujifunza ulinzi wa nyuma. Akaichezea timu hiyo kwa misimu 12, akawa miongoni mwa walioipatia ubingwa mara 5. Tarehe 15 Januari 1967, katika fainali ya kwanza iliyowakutanisha mabingwa wa ligi mbili, timu yake ilikwenda mapumzikoni ikiongoza kwa alama 14 kwa 10 tu. Kipindi cha pili kilipoanza, Wood aliinasa pasi ya adui, akakimbia nayo yadi 50, akaangushwa karibu kabisa na mstari wa bao. Bao likafuata, na mchezo ukaisha kwa alama 35 kwa 10. Mwaka 1989 jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo, huko Canton, jimbo la Ohio. Majina mangapi kati ya yale 240 yaliyomtangulia unayajua, msomaji?

Usidhani kwamba makosa hayo yaliisha pamoja na zama zile. Mwaka 1978 Warren Moon, mtu mweusi aliyekuwa amekiongoza chuo chake kushinda mechi kubwa ya mwaka mpya, naye hakuteuliwa na timu hata moja. Akavuka mpaka kwenda Canada, akaisaidia timu ya Edmonton kutwaa ubingwa miaka 5 mfululizo. Ligi ya kwao ikamwita mwaka 1984, ikimlipa kwa furaha mtu iliyemwona hafai miaka 6 nyuma. Mwaka 2006 naye aliingia katika jumba la Canton.

Wala usidhani kwamba makosa hutoka katika ubaguzi tu. Kurt Warner ni mzungu. Mwaka 1994 hakuteuliwa. Green Bay, timu ile ile iliyomfungulia Wood mlango, ilimwita kambini, kisha ikamwachisha kabla ya msimu kuanza. Warner akarudi Iowa, akafanya kazi ya usiku ya kupanga bidhaa katika rafu za duka kwa dola 5 na senti 50 kwa saa. Akacheza katika ligi ndogo ya viwanja vya ndani, akacheza Amsterdam, hata akapata nafasi ya akiba katika timu ya St. Louis. Mwaka 1999 kiongozi wa mashambulizi wa timu hiyo aliumia, na mpanga bidhaa akaingia mahali pake. Msimu ule alirusha pasi 41 zilizozaa mabao, akatajwa mchezaji bora wa ligi, na mwezi wa Januari mwaka 2000 akaiongoza timu yake kutwaa ubingwa.

Igeuze sarafu uone upande wa pili. Mtu wa kwanza kabisa kuteuliwa, katika uteuzi wa kwanza wa mwaka 1936, alikuwa Jay Berwanger. Hakupata kucheza ligi hiyo hata siku moja; hawakuafikiana malipo, akashika shughuli nyingine. Kwa hiyo orodha hiyo ilianza maisha yake kwa jina la mtu ambaye hakuingia uwanjani.

Najua watakaonipinga, na si wajinga. Watasema, "Mwalimu, umetuletea watu watatu. Wako wapi maelfu walioachwa na orodha, wakaenda kambini, wakarudishwa, na wasisikike tena? Orodha husema kweli mara nyingi kuliko isivyosema." Nakubali. Wengi wa wasioteuliwa hawafiki. Mtu akikuambia kwamba kila aliyeachwa ni lulu iliyofichika, mkimbie. Huyo anakuuzia maneno matamu, na mwenye njaa hashibi kwa utamu wa maneno. Lakini hoja hiyo hainijibu. Mimi sikusema kwamba orodha haina faida. Nilisema si hukumu. Mizani ya sokoni husema kweli siku nyingi, na bado mnunuzi mwenye busara huomba kipimo kirudiwe anapoona shaka, wala muuzaji mwaminifu hakasiriki. Mwenye kukasirika ndiye wa kuchunguzwa.

Ligi hiyo yenyewe, pamoja na fahari yote ya vipimo vyake, haithubutu kuiamini orodha yake mpaka mwisho. Uteuzi ukiisha, simu huanza kulia kwa walioachwa. Timu zile zile zilizokataa kuwataja sasa huwabembeleza waje kujaribiwa, kwa kuwa zimejifunza kwa hasara kwamba jicho la mchaguzi lina kiwi. Hata kijana wetu Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya ambaye hakuwa amecheza mpira wa Kimarekani, alisajiliwa na timu ya Indianapolis mwaka 2013, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshuka uwanjani katika mechi ya ligi. Hakudumu huko kwa muda mrefu, lakini alijaribiwa. Hilo ndilo nilitakalo, wala sitaki zaidi. Sidai kila mtu apewe kiti. Nadai kila mwenye haja apewe mlango wa pili, na anayesimama mlangoni awe na macho.

Nasema hivi nikiwa na deni. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa na cheti kipya na majivuno mapya, nilikabidhiwa timu ya kandanda ya shule. Nilitazama wavulana kwa alasiri moja, nikaandika majina 18, nikayabandika ubaoni. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amechelewa kufika uwanjani, akacheza kwa miguu mitupu kwa muda wa dakika kumi hivi. Sikuliandika jina lake. Asubuhi nilimwona mbele ya ubao. Aliisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha akairudia kutoka chini hadi juu, kana kwamba jina lake lilijificha kati ya majina ya wenzake. Alinisalimu kwa adabu, akaenda darasani. Hakuja uwanjani tena, wala mimi sikumwita. Baadaye nilisikia kwamba siku ile alichelewa kwa kuwa alikuwa akimchotea maji bibi yake mgonjwa.

Ningependa kukuambia kwamba mvulana yule alikuwa stadi mkubwa aliyepotea. Siwezi. Yamkini alikuwa mchezaji wa kawaida. Na hapo ndipo penye kosa langu lote: sikujua, sikutaka kujua, na sasa siwezi kujua. Dakika kumi zangu nilizigeuza kuwa hukumu ya mtu. Lombardi alipokea barua ya mtu aliyekataliwa na timu zote, naye akaona si hasara kumtazama. Mimi sikuhitaji hata kusoma barua. Mtoto alikuwa mbele yangu akinisalimu.

Basi nina neno kwa walimu wenzangu, na kwa kila mtu mwenye kalamu ya kuandikia majina. Andikeni, maana kazi haiwezi kwenda bila kuchagua. Lakini mkisha andika, tazameni tena wale mliowaacha, na mjiulize mliwapima kwa nini na kwa muda gani. Aliyechelewa, mlimwuliza sababu? Asiye na viatu, mlimpima yeye au viatu? Orodha isiyoruhusu kusahihishwa haimlindi mtu ila mwandishi wake asione haya.

Na wewe, msomaji kijana, usidhani nimekusahau kwa kuwasema wakubwa. Nawe una kosa lako, nalo ni kupenda kuamini orodha. Ni raha kuiamini. Ikikutaja, unapata ruhusa ya kulala. Ikikuacha, unapata ruhusa hiyo hiyo kwa jina lingine. Mmoja husema, "Mimi mteule, nihangaike kwa nini?" Mwingine husema, "Mimi nimekataliwa, nihangaike kwa nini?" Wote wawili hulala katika kitanda kimoja. Kumbuka kwamba Wood alipopata mlango hakupata kiti. Aliingia kujifunza kazi ngeni katikati ya watu waliotaka nafasi ile ile. Kumbuka kwamba Warner alikaa miaka kadhaa mahali ambapo watazamaji walikuwa wachache, na kila wiki alirusha mpira kama mtu atazamwaye na nchi nzima. Mlango ulipofunguka, ulimkuta yu tayari. Mlango hufunguliwa na mwingine. Utayari ni wako mwenyewe, na hakuna karatasi iwezayo kukupa wala kukunyang'anya.

Kwa hiyo ukiachwa, lia ikiwa machozi yanakuja, si aibu. Kisha uliza kwa adabu ulipungukiwa na nini, na jibu ulisikilize hata kama ni chungu, maana huenda mchaguzi alikuwa na haki. Jifunze ulichokosa. Omba ujaribiwe tena. Ukikataliwa mahali pamoja, andika barua ya mahali pengine. Na siku moja, ikiwa kalamu ya kuchagua itaangukia mkononi mwako, kama ilivyoangukia mkononi mwangu kabla sijastahili kuishika, na kijana asiye na viatu akakusalimu mbele ya ubao, usipite. Mrudishe uwanjani, mpe mpira, umtazame. Nusu saa yako itakutosha. Kwangu mimi nusu saa hiyo imekwisha pita, na siwezi kuirudisha.