Mtoto mlemavu asipotelee njiani kati ya chekechea na mwaka wa kwanza

Kila mwanzo wa mwezi wa tisa, masomo yanapoanza, kuna wamama wanaorudi nyumbani wakiwashika watoto wao mkono. Mtoto amemaliza chekechea, ana miaka sita, ameshonewa nguo zake za buluu na nyeupe. Lakini mkuu wa shule ya msingi anapoona anatembea kwa fimbo, au anaposikia kwamba ana kifafa, jibu ni lile lile: «Mama, huyu hatumuwezi hapa.» Masomo ya mtoto yanaishia mlangoni.

Jibu hilo linaenda kinyume na sheria ya nchi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Hakuandikwi humo «isipokuwa mtoto mlemavu». Kifungu cha 49 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yake. Tena tarehe 3 Mei 2022 nchi ilipata sheria maalum juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu. Sheria ipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya shule moja na nyingine.

Mwalimu wa chekechea anaweza kukaa na mtoto hadi miaka mitatu. Anajua kwamba huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, kwa hiyo anamketisha mbele. Anajua kwamba yule akipigiwa kelele anajificha chini ya meza, lakini akiitwa kwa sauti ndogo anakuja. Anajua ni nani anahitaji kusindikizwa chooni, na ni nani anatumia dawa asubuhi. Mwezi wa saba shule inafungwa, na ujuzi huo wote unabaki kichwani mwa mwalimu mmoja.

Mwezi wa tisa, mtoto yule yule anaingia kwa mwalimu mwingine. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, madarasa mengi ya mwaka wa kwanza yamejaa kupita kiasi. Mwalimu anamwona mtoto ambaye hajibu akiitwa jina, naye anadhani ni kiburi. Anamketisha nyuma. Huko nyuma mtoto hasikii kabisa. Hapo ndipo anaanza kuitwa mjinga, na mwisho wazazi wanaambiwa wamtafutie mahali pengine. Mtoto hakushindwa masomo. Mwalimu wake mpya hakuambiwa tu kwamba sikio moja halisikii.

Kuna mambo ambayo hayangoji pesa kutoka Kinshasa. La kwanza, mwezi wa sita, kabla ya likizo, mzazi, mwalimu wa chekechea na mkuu wa shule ya msingi wakae pamoja, hata kwa saa moja. La pili, mwalimu wa chekechea aandike karatasi moja kwa Kiswahili chepesi: mtoto anaweza nini peke yake, anasaidiwa katika nini, nini kinamtuliza, na akipatwa na kifafa afanyiwe nini. La tatu, mtoto apelekwe kuona shule mpya ingali tulivu: aone darasa, aone choo, amsalimu mwalimu. Mtoto anayeogopa mabadiliko hawezi kuzoea mambo hayo yote siku ile ile ambayo mamia ya watoto wanakimbia uwanjani.

Safari hiyo inaonyesha pia vizuizi ambavyo mkuu wa shule hajawahi kuviona. Goma, viwanja vingi vimejaa mawe ya volkano ambayo fimbo ya kutembelea haipati pa kushika. Bukavu ni milima na ngazi, na mvua inarudi mwezi huo huo wa tisa. Kamati ya wazazi inaweza kusawazisha njia kutoka mlangoni hadi darasani, na kuhamishia mwaka wa kwanza katika chumba kisicho na ngazi.

Walimu nao wana malalamiko ya haki. Wengi hawakufundishwa namna ya kumsomesha mtoto asiyeona au asiyesikia, na mishahara yao ni ya shida. Kazi hiyo ni ya serikali, na karatasi ya mwalimu wa chekechea haitaifanya mahali pake. Kuna pia watoto wanaohitaji kituo maalum. Lakini vituo hivyo ni vichache, na mtoto wa kijijini Masisi au Walungu yuko mbali navyo. Kwake, shule ya jirani ndiyo peke yake iliyopo.

Vita vimeongeza uzito. Familia iliyokimbia inaanza upya mahali ambapo hakuna anayemjua mtoto. Karatasi moja ndani ya mfuko wa mama, pamoja na kadi ya chanjo, inaweza kumtambulisha kwa mwalimu yeyote. Na kwa kuwa chekechea mara nyingi ni ya kulipia, watoto wengi hawaipiti kabisa. Kwa hao, mama au nyanya ndiye anayejua yote, naye asikilizwe siku ya kuandikisha mtoto.

Wazazi nao wasimfiche mtoto nyumbani kwa sababu ya maneno ya majirani. Kifafa ni ugonjwa wenye dawa. Si pepo wala laana. Mzazi anayeficha ugonjwa huo siku ya kuandikisha anamwacha mwalimu bila msaada siku mtoto atakapoanguka darasani.

Wakuu wa shule wasingoje mwezi wa tisa ndipo wagundue nani anakuja. Mwezi wa sita waende kwenye chekechea za mtaa wao, waulize ni watoto gani wanamaliza na kila mmoja anahitaji nini. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kwa mtoto mmoja unaweza kuamua kama atajua kusoma.