Biafra: Nani Alianza? Inategemea Unaanzia Kuhesabu Wapi

Kila nikikitaja kitabu cha Chinua Achebe cha mwaka 2012, There Was a Country, hakosi mtu wa kuniambia: "Yule mzee aliandika kikabila. Vita vya Biafra vilianzishwa na Ojukwu, basi." Ushahidi wao ni tarehe moja tu: 30 Mei 1967, siku Ojukwu alipotangaza kujitenga na Nigeria.

Hivi kwa nini hesabu ianzie hapo?

Wengine huanzia Januari 1966, pale maofisa vijana wa jeshi, wengi wao Waigbo, walipomuua Waziri Mkuu Tafawa Balewa na kiongozi wa Kaskazini, Ahmadu Bello. Hapo mkosaji ni Mwigbo. Wengine huanzia Julai mwaka huohuo, mapinduzi ya kisasi yaliyomuua Jenerali Ironsi na kumweka Gowon madarakani. Hapo mkosaji ni mtu wa Kaskazini. Yaani ukishachagua tarehe, umeshachagua na wa kumlaumu.

Mimi nasema hivi, na anayebisha abishe: hesabu zote hizo zinahesabu wanajeshi na viongozi. Raia wako wapi? Mwaka ule wa 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa katika miji ya Kaskazini. Watu wa maduka, makarani wa reli, akina mama. Hawakupanga mapinduzi yoyote. Waliobaki walikimbilia Mashariki, na dola iliyotakiwa kuwalinda haikuwalinda. Baadhi ya wauaji walivaa sare zake. Vita vilianzia hapo. Tangazo la Ojukwu lilikuja baadaye, na risasi za Julai 1967 zilifyatuliwa kwanza na jeshi la serikali.

Sawa, Ojukwu naye hakuwa malaika. Mwaka 1968, watoto wakifa njaa, alikataa chakula cha msaada kipite kwa barabara kutoka upande wa serikali. Kwa hilo alaumiwe, tena sana. Ila kurefusha vita ni kesi moja na kuvianzisha ni nyingine.

Watanzania tusijifanye wageni kwenye mjadala huu. Aprili 1968 nchi yetu ilikuwa ya kwanza kuitambua Biafra, wakati Muungano wetu wenyewe haujatimiza miaka minne. Mwalimu Nyerere, mtu wa umoja wa Afrika hasa, alikubali kwamba umoja usiomlinda raia hauwezi kumdai utii. Leo tunamsifu kwa kila kitu, lakini hili tunalipita kimyakimya. Linatuogopesha nini?

Chimamanda Adichie, aliyezaliwa vita vimeshakwisha, alilielewa hili. Katika Half of a Yellow Sun anatupandisha treni ya wakimbizi, tukae na mama aliyebeba kichwa cha mwanawe ndani ya kibuyu. Kaa naye kwanza. Ukishuka, ndipo uje tubishane kuhusu Ojukwu.