Acheni Kutuchorea Upweke wa Kuazima

Kuna picha inayochorwa na kurudiwa katika jiji hili la Dar es Salaam mpaka macho yamechoka. Ghorofa refu la kijivu, dirisha moja lina taa, mtu mmoja kasimama ndani kainamisha kichwa. Barabara tupu. Wanunuzi wanaipenda, wenye kumbi za maonyesho wanaitundika karibu na mlango, na vijana wenye mikono ya kipaji kweli kweli wanazidi kuizalisha. Nasema picha hiyo ni ya uongo, na uongo wake unatudhuru.

Lilipotoka dirisha lile tunapajua. Mwaka 1942 Mmarekani Edward Hopper alichora mkahawa wa usiku: kioo kikubwa, watu wanne ndani, nje hakuna hata paka. Ndiyo Nighthawks, iliyoko Art Institute of Chicago. Itazame vizuri uone kwamba mlango wa kutokea barabarani hauonekani. Miaka 20 baadaye Jeffrey Smart wa Australia akachora Cahill Expressway, akamsimamisha mwanamume mnene mwenye suti peke yake kwenye barabara ya zege ya Sydney. Nawaheshimu wote wawili. Waliitazama miji yao kwa macho makavu wakachora walichokiona. Sisi tumebeba jibu lao na kuacha kutazama kwetu.

Panda ghorofa lolote la Kariakoo saa moja usiku unionyeshe huo utupu. Chini fremu za maduka bado zina watu, ngazi zimezibwa na marobota, korido ina milango sita na kila mlango una geti lake la chuma. Redio ya jirani unaisikia ukutani. Harufu inakuambia leo kapika dagaa. Jina lake hulijui, na mwaka wa tatu huu mnapishana kwenye ngazi. Upweke wa Dar es Salaam umejaa watu pomoni. Anayeuchora kwa barabara tupu anawaondoa mashahidi.

Tena anamwachilia mkosaji. Picha ile inalishtaki ghorofa kwa urefu wake na zege kwa ukijivu wake. Lakini Soko Kuu la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, lilikuwa la zege tangu chini ya ardhi mpaka kwenye yale mapaa yake yaliyofunguka juu kama miti. Kabla moto haujaliunguza Julai 2021, watu walisongamana humo, wakabishana bei, wakajuana kwa majina. Usasa wa jengo haukumtenga mtu. Msanifu alikuwa amewafikiria watu kabla ya kufikiria kodi.

Kilichotutenga kina jina na mahali: ni baraza lililovunjwa. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba kulia na kushoto, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Simsifii mtu shida. Choo kimoja kwa familia zote za nyumba hiyo kilikuwa adha, na ugomvi wa maji haukuisha. Hata hivyo mpangaji hakuugua siku tatu pasipo mtu kubisha hodi. Nyumba hizo zilipobomolewa kupisha maghorofa, waliojenga walihesabu vyumba, wakahesabu fremu, wakahesabu maegesho ya magari. Baraza halikuhesabiwa kwa sababu halilipiwi pango.

Mtu akifa ndipo unapoliona pengo lenyewe. Msiba unataka mahali pa kukaa: wanaume nje, wanawake ndani, sufuria kubwa uani, mikeka, turubai. Kwenye ghorofa la nane vyote hivyo vinawekwa wapi? Turubai linafungwa kwenye maegesho, kama mwenye jengo amekubali, na mlinzi anauliza gari la kubebea viti litaondoka saa ngapi. Kina mama wanabanana sebuleni na wengine wanakaa kwenye ngazi, vitambaa vimefunika vichwa, huku mpangaji wa juu akipita na mifuko yake akiomba njia. Lifti haiingizi jeneza likiwa limelala. Vijana wanalibeba ngazi kwa ngazi, wanaligeuza kwa shida kwenye kila kona, na milango inafunguka kidogo kisha inafungwa. Hiyo ndiyo picha ya upweke wa mjini! Ina watu 40 ndani yake. Imeshindikana vipi kuingia kwenye kanvasi zetu?

Msiniambie haiwezekani kuchora jiji lililojaa. Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, alipochora Mogamma mwaka 2012 alilaza michoro ya majengo juu ya mingine, mistari na alama zikarundikana mpaka jicho likakosa pa kupumzika. Na nyumbani tunaye Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja mjini, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya kawaida, akauza Oysterbay nje ya Morogoro Stores. Aliuawa mwaka 1972. Warithi wake wakaja kujaza kibao chote ndege, samaki na majani pasibaki upenyo. Mkono wa kujaza tunao! Badala ya kuupeleka kwenye korido, wengine tumewaacha watembeze tembo kwa watalii, na wengine wakakimbilia dirisha la Hopper kwa kudhani ndiyo usomi.

Mwenye ukumbi anayesema picha ya ngazi na mageti haitauzika, amekwisha kuitundika akaona, au anaogopa tu wateja wake wanaomiliki majengo hayo?

Magomeni Kota, kaya 644 zilizokuwa zikiishi nyumba za chini zilijengewa maghorofa, yakazinduliwa mwaka 2022. Wachoraji, nendeni huko. Msiende na huruma mliyoitayarisha njiani. Huenda wengi watawaambia wanafurahia maji ya bomba na choo chao wenyewe, nalo hilo lichorwe. Waulizeni jioni wanakaa wapi, watoto wanachezea wapi, msiba wa mwisho uliwekwa wapi na nani alikataa. Penseli na daftari vinatosha kuanza, na wazee wanaozikumbuka kota za zamani, chumba kwa chumba na jina kwa jina, bado wapo.