Tumbili wa Gitaru na Miwani ya Mhandisi

Mnamo tarehe 7 Juni 2016, yapata saa tano na nusu asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ikazimika. Mitambo mingine kituoni ikalemewa na mzigo, nayo ikazimika. Zaidi ya megawati 180 zikapotea na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Watu walicheka, magazeti ya ng'ambo yakaiandika habari hiyo kama kioja, kisha umeme uliporudi kisa kikasahaulika.

Kusahaulika huko ndiko kunakostahili kujadiliwa. Maji yanayozungusha mitambo ya Gitaru hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mito ya Chania na Gura inayopita Nyeri humwaga maji yake katika Sagana, Sagana ikawa Tana, na Tana ikapitia mabwawa ya Masinga na Kamburu kabla ya kufika Gitaru. Kwa hiyo kisa cha tumbili ni kisa cha nyumbani kwa kila mwanafunzi wa uhandisi anayesomea Nyeri, Murang'a, Kerugoya au Meru. Kina maswali ya kutosha muhula mzima. Kwa nini kuzimika kwa transfoma moja kuzime nchi? Kampuni ya KenGen ilieleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa ua wa umeme. Je, ua wa aina hiyo humzuia mnyama apitaye juu ya miti? Na je, mhandisi aliyechora kituo alipaswa kumwazia tumbili? Pamoja na utajiri huo wote, si ajabu mwanafunzi akahitimu bila ya kuulizwa hata swali moja kati ya hayo.

Siku hizi vyuo vikuu vingi duniani vinazungumzia teknolojia ya uhalisia pepe. Mwanafunzi huvaa miwani yenye kioo cha tarakilishi mbele ya macho yake, akajiona yumo ndani ya kiwanda, juu ya daraja au kando ya mtambo, ilhali ameketi darasani. Hapana shaka kwamba teknolojia hii ina manufaa. Hata hivyo, miwani bila ya kisa ni mwanasesere wa bei ghali. Vyuo vya ukanda wa Mlima Kenya vinapaswa kuanza kwa kuandika visa vya uhandisi vya mazingira yao, kisha ndipo vitafute miwani ya kuvitazamia.

Kufundisha kwa kutumia visa si jambo geni. Mwaka wa 1870, Christopher Langdell alianza kuwafundisha wanafunzi wa sheria wa Harvard, nchini Marekani, kwa kuwasomesha kesi zilizokwisha kuamuliwa badala ya kuwakaririsha kanuni. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka wa 1969, Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilianza kuwafunza wanafunzi wa udaktari kwa kuwakabidhi matatizo ya wagonjwa tangu mwanzo wa masomo. Katika njia zote mbili, mwanafunzi hukutana na tatizo kwanza, akaitafuta kanuni kwa sababu anaihitaji.

Uhandisi nao una visa vyake mashuhuri. Tarehe 17 Julai 1981, vijia viwili vilivyoning'inia ndani ya hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City viliporomoka, na watu 114 wakafariki. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vilivyotoka darini na kushika vijia vyote viwili. Wakati wa utengenezaji kila chuma kilibadilishwa kikawa vyuma viwili, na kijia cha chini kikaning'inizwa kwenye kile cha juu. Badiliko hilo lililoonekana dogo liliongeza maradufu uzito katika kiungo cha kijia cha juu. Hakuna aliyeketi kuupiga hesabu upya. Mwanafunzi aliyekisoma kisa hiki vizuri hataidhinisha badiliko la mchoro kwa haraka maishani mwake. Fomula peke yake haiwezi kumtia hofu hiyo njema.

Ni hapa ambapo miwani inapata kazi. Marubani walitangulia kulijua jambo hili zamani: mwaka wa 1929, Edwin Link alitengeneza ndege ya kuigiza isiyotoka ardhini, ili mwanagenzi akosee bila ya kufa. Mhandisi wa umeme anahitaji nafasi kama hiyo. Hakuna msimamizi wa kituo atakayezima transfoma makusudi ili darasa lione kitakachotokea, wala wanafunzi mia moja hawawezi kujazana katika chumba cha udhibiti siku ya hitilafu. Katika uhalisia pepe jambo hilo linawezekana. Mwanafunzi husimama mbele ya vipimo, akaona mtambo mmoja ukitoka. Gridi ya taifa hudunda mara 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa unapotoka ghafla, iliyobaki huvuta mzigo usiokuwa wake, mdundo ukaanza kushuka. Ukishuka mno, mitambo hujizima ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine. Kuiokoa gridi ni kukata umeme wa baadhi ya maeneo upesi ili mengine yabaki. Yakatwe yapi? Hospitali ziko wapi? Vifaa vya kinga viagizwe nini mapema, maana sekunde zilizopo hazimtoshi binadamu kufikiri? Mwanafunzi huamua, akashindwa, akarudia hadi aelewe kwa nini nchi ilizimika.

Hata hivyo, si kila kitu kinahitaji miwani. Viwanda vya majani chai vya Chinga na Iriaini viko Othaya, si mbali na mji wa Nyeri. Mwanafunzi anaweza kwenda huko kwa matatu, akaona majani yakinyaushwa, yakisagwa na kukaushwa, akahisi joto la boila usoni na kuusikia mlio wa mkanda uliolegea. Miwani haina joto, haina harufu, wala haina uzito wa spana mkononi. Kumvisha mwanafunzi miwani ili atazame kiwanda kilicho ng'ambo ya bonde ni kumnyima elimu kwa gharama kubwa. Miwani ivaliwe pale mguu usipofika: kwenye hatari, kwenye tukio lililokwisha kupita, na kwenye jambo linalochukua miaka mingi kutokea.

Mfano wa jambo la aina hiyo ni bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981. Kila mvua ya masika hubeba udongo kutoka mashamba ya miteremko ya Nyeri na Murang'a ukatua chini ya bwawa, na nafasi ya maji ikazidi kupungua. Hakuna mlipuko wala kilio, kwa hiyo hakuna anayeliona. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka wa 2015, umejengwa juu ya hoja kwamba tuta la mkulima ni sehemu ya bwawa. Hebu mwanafunzi aonyeshwe miaka arobaini ya udongo huo kwa dakika tano, kisha atumwe shambani kuzungumza na mkulima mwenyewe. Hapo teknolojia na mguu vitakuwa vimesaidiana.

Wapo watakaopinga kwa sababu ya gharama. Wana haki. Chuo ambacho karakana yake ina mashine chache hakiwezi kulaumiwa kwa kununua mashine ya kuchonga chuma kabla ya miwani. Lakini kisa hakigharimu pesa nyingi. Kinahitaji daftari, nauli, ruhusa ya kuingia kituoni na mhadhiri aliye tayari kuuliza maswali asiyoyajua majibu yake. Na miwani yenyewe si lazima iwe ya bei ya juu: mwaka wa 2014 kampuni ya Google ilionyesha kwamba boksi la karatasi ngumu, lenzi mbili na simu ya mkononi vinatosha kumpa mtu ladha ya uhalisia pepe. Kigumu zaidi kupatikana ni kisa chenyewe kilichochunguzwa kwa uaminifu.

Kuandika visa hivyo si kazi ya wahandisi peke yao. Ripoti za kitaalamu nchini huandikwa kwa Kiingereza, na aghalabu huishia kwenye kabati. Lakini mlinzi aliyemwona mnyama akipanda, fundi aliyebadilisha chuma kwa sababu kile cha mchoro hakikupatikana na mkulima aliyeona ukuta wa bwawa ukitoa jasho husimulia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Ushuhuda wao ukifinyangwa kuwa Kiingereza cha ripoti, mara nyingi kile kidogo kilichosababisha kikubwa hupotea njiani. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kukusanya simulizi hizi, kuzihariri na kuzipatia msamiati unaoeleweka karakanani, wakishirikiana na wenzao wa uhandisi. Kisa ni masimulizi kabla ya kuwa hesabu.

Kuna deni pia. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake mwaka wa 2012, kilianza mwaka wa 1972 kama Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, katika enzi ambayo wananchi walijenga taasisi kama hizo kwa harambee. Waliochanga walitaka watoto wao wajue kutengeneza vitu visivyowaangukia watu. Mwezi Mei 2018, bwawa la Solai katika kaunti ya Nakuru lilipopasuka usiku na kuua zaidi ya watu arobaini, wengi walijifariji kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo humfaa aliyefiwa, maana humpunguzia uchungu. Mhandisi hana ruhusa ya kuitumia. Yeye ana methali yake: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za ukanda huu zinajulikana, na wanaozijua wangali hai. Waandikiwe visa vyao kabla ya wanafunzi kuvishwa miwani.