Mdudu Asiye na Faida

Mwanafunzi mpenzi, kila nifundishapo habari za viumbe, mkono mmoja huinuka darasani, na swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, mdudu huyu ana faida gani?" Swali hili huonekana kuwa la busara. Mimi nasema ni swali la hatari, na ushahidi wangu nautoa katika nchi ya mbali.

Katika milima ya Alps, kaskazini mwa Italia, kuna bonde liitwalo Val Sessera. Humo huishi mbawakawa mmoja ambaye urefu wake hupata sentimita 3, na mgongo wake hung'aa kijani na dhahabu. Usiku hutambaa chini ya miti na vichaka akiwinda konokono, mchana hujificha. Hawezi kuruka, basi hawezi kuuhama mlima wake. Bonde hilo ndilo makao yake ya asili, wala hana mengine duniani. Mwaka 1855 Eugenio Sella aliwajulisha wataalamu habari zake, naye akaitwa Carabus olympiae.

Je, aliponzwa na watu waliomwona hana faida? La hasha! Maadamu hakuna aliyemjali, aliishi salama. Dhiki yake ilianza siku alipoonekana kuwa ana faida. Wakusanyaji wa wadudu walimtamani, akawa bidhaa ya kuuzwa. Kadiri alivyoadimika ndivyo alivyotamaniwa, na kadiri alivyotamaniwa ndivyo alivyowindwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu waliamini kuwa ametoweka kabisa. Kumbe wachache walikuwa wamesalia, nao wakaonekana tena. Kisha ikaja barabara, na viwanja vya mchezo wa kuteleza juu ya theluji, vikayamega makao yao. Ilipofika mwaka 1992, sheria ya nchi za Ulaya ilimweka katika orodha ya viumbe wanaostahili kulindwa kwanza.

Huenda ukaniambia, "Lakini hula konokono waharibifu; hiyo si faida?" Sitaki msaada wa hoja hiyo. Nikiikubali, nimekubali pia kwamba asiye na kazi kwetu auawe. Mizani hiyo ni mbaya. Leo humpima mdudu. Kesho itampima mzee asiyeweza kulima na mtoto asiyeweza kutembea. Kiumbe hakupewa uhai kwa idhini yetu, na tukimwondoa hatuna uwezo wa kumrudisha. Hiyo yatosha kuuzuia mkono.

Usidhani nakusimulia mambo ya Wazungu tu. Mlima Kenya na Mlima Elgon ni kama visiwa katika bahari ya nchi tambarare. Huko juu, kwenye baridi, wako mbawakawa wetu wasio na mbawa za kurukia, ambao kama yule wa Italia hawana pa kukimbilia. Moto mmoja wa mzembe waweza kuwamaliza kabla hujajifunza majina yao.

Basi, siku utakapopanda mlima, ukainua jiwe na kumwona mdudu aking'aa chini yake, usiulize atakufaa nini. Mtazame, ustaajabu, kisha ulirudishe jiwe taratibu kama ulivyolikuta. Hilo ni paa la nyumba ya mwenyewe.