Anayepewa Kazi Apewe na Daftari

Mvuvi wa kisiwa cha Rukuba anapotweka tanga magharibi, na abiria anapongojea kivuko pale Kisorya, wilayani Bunda, wote huuliza jambo moja: usiku huu ziwa litakuwaje? Dhoruba za Ziwa Victoria huzuka zaidi usiku, nazo zimekwisha kuangamiza roho nyingi. Ndiyo maana mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ili wakazi wa ziwa waonywe mapema.

Maonyo hayo hutegemea kompyuta nyingi zilizounganishwa, yaani klasta. Anga hugawanywa vipande kama mashamba, na kila mashine hupewa kipande chake. Lakini upepo haujui mipaka. Mashine inayokokotoa anga ya Musoma haiwezi kusonga mbele kabla ya kupata tarakimu za jirani yake wa anga ya Ukerewe. Kwa utaratibu wa kale, kila mzigo ulipofika prosesa iliacha hesabu, ikaupokea, ikaunakili na kuutafutia mahali. Muda mwingi ukapotea mlangoni.

Dawa yake ni kuikabidhi kazi hiyo kadi ya mtandao. Kadi za aina ya InfiniBand, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2000, hushika daftari la anwani na ruhusa za kumbukumbu. Hupeleka tarakimu moja kwa moja hadi ghala la mashine nyingine bila kumsumbua mwenye ghala. Prosesa hubaki na hesabu zake.

Hata hivyo, kuna sharti. Ghala lisihamishwe pasipo daftari kurekebishwa. Kwa kawaida kumbukumbu iliyoandikishwa hufungwa mahali pake. Na palipo na kadi zinazoruhusu ihamishwe, mfumo wa uendeshaji hauna budi kuziarifu. Kadi ikifuata anwani iliyokwisha kubadilika, itaandika juu ya mali ya mwingine, na hesabu itaharibika kimya kimya.

Taifa letu linaijua kanuni hii. Mwaka 1972, chini ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, Serikali ilipeleka madaraka mikoani. Shabaha ilikuwa njema. Lakini halmashauri za wilaya, zilizojua mambo ya kila mahali, zikavunjwa, hata ikabidi zirudishwe kwa sheria za mwaka 1982. Kazi ni amana: anayekabidhiwa apewe na daftari, na anayekabidhi asibadili mambo kwa siri.

Tanzania si mgeni wa mitambo hii. Kwa ushirikiano na India, klasta zenye majina ya Serengeti na Kilimanjaro ziliwekwa Dar es Salaam na Arusha. Kwa hiyo tunawaambia wakuu wa Serikali: mnunuapo klasta, iwe ya Mamlaka ya Hali ya Hewa au ya Chuo Kikuu cha Mwalimu Nyerere kinachojengwa Butiama, msihesabu prosesa peke yake. Ulizeni kadi ya mtandao inafanya kazi gani, na ni fundi gani Mtanzania anayelielewa daftari lake. Prosesa mia zinazongojeana mlangoni hazimfai mvuvi. Onyo linalofika alfajiri, baada ya mtumbwi kuzama, si onyo tena. Ni taarifa ya msiba.